Dirisha la Dawa la Tamamu

Namwambia msomaji mapema, asije akahuzunika bure: mwanamke ninayemsimulia humu hakufa. Nilimwacha mzima, akinicheka. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu mimi mwenyewe kwa siku tisa sikujua kama atapona, na sioni haja ya kumtia mtu mwingine wasiwasi ambao mimi nimekwisha kuumaliza.

Jinsi nilivyofika Tamamu haina maana hapa. Ramani hazina nchi hiyo, na nikianza kueleza njia watu watasema nilipotea. Inatosha kujua kwamba mimi ni mtoa dawa wa zahanati. Miaka kumi na tisa nimekaa nyuma ya dirisha nikiandika kwenye vibahasha, "Kimoja, mara tatu kwa siku, baada ya chakula." Nilipopata likizo nikaenda Tamamu kuona wenzetu wanavyotibu, na mwenyeji wangu akawa Bwana Jecha, Afisa wa Utiifu.

Cheo hicho kinahitaji maelezo. Tamamu mgonjwa hatozwi kitu. Daktari bure, kidonge bure, hata kibahasha cha kutilia kidonge bure, na wenyewe wanajivunia jambo hilo mpaka wanakera. Kwa kuwa kila kitu ni bure, wanasema, asiyepona amejitakia. Kutokana na imani hiyo wakatunga Sheria ya Cheti, inayomtaka mgonjwa atekeleze kila neno aliloandikiwa na daktari. Maafisa wa Utiifu hupita nyumba kwa nyumba wakihesabu vidonge. Siku ya dozi kwisha kikionekana hata kimoja kimebaki, mwenye nacho anashitakiwa kwa ukaidi.

Nakiri niliipenda sheria hiyo. Nani aliyewahi kukaa dirishani asiipende? Ninawajua wagonjwa wanaoacha dozi katikati, halafu wanarudi wamezidiwa na kukuambia dawa yako haifanyi kazi. Nimewafokea wengi, wengine wakubwa kuliko mama yangu.

"Huku kwenu raha tupu," nilimwambia Jecha siku ya kwanza. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kibweta cha bati cha kuhesabia vidonge. Alitabasamu kama mtu aliyesifiwa mtoto wake.

"Tumetoka mbali, bwana mgeni," alisema. "Zamani watu walikuwa wakifa ovyo tu. Sasa tunajua kosa ni la nani."

Mji wa Tamamu una pande mbili, Kilimani na Bondeni. Kila mwaka watu arobaini hutunukiwa Nishani ya Utiifu kwa kumaliza dozi zao zote, na tangu nishani ianzishwe hajatokea hata mmoja wa Bondeni. Jambo hili linawashughulisha sana wataalamu wao. Nilihudhuria kikao cha Baraza la Afya ambapo bwana mmoja alithibitisha, kwa chati nne za rangi, kwamba utiifu unatokana na mwinuko: mtu kadiri anavyoishi juu, ndivyo anavyomaliza dawa. Mwenzake akampinga kwa ukali, akasema si mwinuko, ni upepo. Wakabishana mpaka adhuhuri. Mwishowe wakaafikiana kwamba wakazi wa Bondeni wapandishwe Kilimani kila Alhamisi kwa saa moja, wavute hewa, kisha warudishwe kwao.

Mjumbe mmoja aliyekuwa kimya muda wote aliuliza kama kuna aliyelinganisha sufuria za pande hizo mbili. Mwenyekiti akamjibu kwa adabu kwamba sufuria ziko chini ya Wizara ya Kilimo. Mimi nikaliandika jibu hilo kwenye daftari langu kama mfano mzuri wa kugawana majukumu.

Siku iliyofuata Jecha alinichukua Bondeni. Kuta za huko zimechorwa vyakula. Wizara iliwashauri wananchi wale mayai, samaki, mboga na matunda, na ili wasisahau ikawachorea. Michoro ni mizuri, siwezi kusema uongo. Karibu na bomba la maji kuna papai ambalo rangi yake imefutika upande wa chini, pale ambapo mikono ya watoto inafika.

Ndipo tukaingia kwa Bi Mashavu. Chumba chake kilikuwa kimoja, bati limetoboka juu ya kitanda, beseni limewekwa katikati ya godoro kukinga maji. Yeye ni mfuaji wa mashuka ya hospitali ileile inayomtibu. Mashavu ni jina lake tangu utotoni, lakini siku ile uso wake ulikuwa mifupa na macho, na alikuwa na kikohozi cha muda mrefu ambacho kilimshika kila alipotaka kusema neno la tatu. Jecha alimwamkia vizuri, akafungua kibweta chake, akahesabu.

"Ulipewa ishirini na kimoja kwa siku saba, Bi Mashavu. Vimebaki kumi na vinne."

"Ndiyo, baba."

"Umekunywa saba tu. Kimoja kwa siku."

"Niliambiwa ninywe baada ya chakula," alisema. Akakohoa, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Nami nakula mara moja kwa siku. Nimetii, baba Jecha. Kila nilipokula, nilikunywa."

Jecha alinitazama kana kwamba ananiomba radhi kwa kunionyesha jambo la aibu. Tulipotoka akanieleza kwamba mwanamke huyu ni mkaidi sugu. Mara ya kwanza alikunywa vidonge vyote vitatu kwa siku, tumbo tupu, akatapika, akashitakiwa kwa kuharibu mali ya serikali. Mara ya pili alikigawa chakula chake kimoja mafungu matatu, akanywa vidonge sawasawa bila kutapika, na Jecha mwenyewe alianza kumfikiria kwa nishani. Lakini cheti kilisema pia "apumzike", naye akakutwa kwenye karo la kufulia akipiga mashuka. Akashitakiwa kwa kutopumzika. Alijitetea kwamba asipofua hata hicho chakula kimoja hakipo, na hakimu akasema hilo halimo kwenye cheti.

"Hii ni ya tatu," Jecha alisema. "Ya tatu ina Daftari."

"Daftari gani?"

"Daftari la Wakaidi. Ukiingia humo, dirisha lolote la dawa nchini halikuhudumii tena. Maisha."

Nilimuuliza kama mtu mwenye kikohozi kile anaweza kuishi bila dawa. Aliangalia kibweta chake. "Mwezi," alisema. "Labda miwili, mvua zikichelewa."

Kesi ilipangwa baada ya siku tisa. Ningependa kusema kwamba siku hizo zote nilikuwa upande wa Bi Mashavu, lakini siku mbili tatu za mwanzo nilikuwa bado naitetea sheria kichwani. Kilichonivunja ni kitu kidogo. Nilikuwa mezani kwa Jecha, nimemaliza sahani ya wali kwa samaki, nikatoa kidonge changu cha presha nikakimeza kwa maji ya baridi. Kwa miaka mingi nimekimeza hivyo. Mkono ukabaki na bilauri hewani. Niliona aibu mbele ya mke wa Jecha ambaye hakujua naona aibu ya nini, akadhani samaki ana mwiba.

Toka hapo sikulala vizuri. Mchana nilishuka Bondeni peke yangu, nikamkuta Bi Mashavu amekaa kizingitini, midomo inachezacheza. Nikadhani anaomba dua.

"Bi Mashavu, una mtu wa kukutetea?"

"Sina."

"Utasema nini?"

"Nitasema sitaki kufa," alijibu, kisha akaendelea kuchezesha midomo. Nilimwachia chungwa nililokuwa nalo, nikaondoka nimekata tamaa.

Sasa lazima nieleze desturi moja ya mahakama za Tamamu, kwa sababu yote yaliyotokea yametokana nayo. Huko hakimu haruhusiwi kutoa hukumu kabla ya sheria husika kusomwa kwa sauti, yote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Sheria ya Cheti ina vifungu kumi na sita. Kifungu cha kwanza kinasema cheti ni amri. Cha pili kinasema kila neno la cheti ni lazima. Cha tatu kinamtaja mkaidi, na cha nne kinataja adhabu. Msomaji akifika cha nne, kila mtu amekwisha kusikia alichokuja kusikia. Mawakili hufunga mafaili, wasikilizaji hutafuta viatu vyao chini ya benchi, hakimu hutia sahihi kesi ya kesho, na msomaji huendelea kunung'unika vifungu kumi na viwili vilivyobaki kama mtu anayesinzia.

Hakimu alikuwa Mzee Vuai, mtu mfupi, mkavu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka. Mwendesha mashitaka akaeleza vidonge kumi na vinne. Jecha akatoa ushahidi, kila neno la kweli. Kisha hakimu akaniona mimi kwenye benchi la wageni.

"Tunaambiwa bwana huyu ni mtoa dawa kwao. Asimame. Kwenu mnaandikaje?"

Nikasimama. "Mara tatu kwa siku, mheshimiwa. Baada ya chakula."

"Na mnauliza kama chakula kipo?"

Sikutegemea swali hilo, wala sidhani yeye alilitegemea. Nadhani alitaka tu kuthibitisha kwamba mataifa yote yanafanya hivyo. Ukumbi ukanitazama.

"Hapana, mheshimiwa," nilisema. "Sijapata kumuuliza mtu hata mmoja."

"Vema," akasema, akaandika. Nikakaa, na sijawahi kukaa kwenye benchi gumu kama lile.

Msomaji akaanza. Cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Mafaili yakafungwa, viatu vikatafutwa. Nikamtazama Bi Mashavu kizimbani, na midomo yake ilikuwa inachezacheza tena, na safari hii nikaona kwamba inakwenda sawia na ya msomaji. Cha tisa. Cha kumi. Hapo akainua mkono.

"Mheshimiwa, naomba hicho kinachofuata kisomwe kwa sauti kubwa."

Mzee Vuai aliinua macho. "Unakijua kinachofuata?"

"Nakijua."

"Unajua kusoma?"

"Sijui. Lakini nimekalishwa kwenye benchi hili la washitakiwa tangu kesi yangu ya kwanza. Tunaitwa asubuhi, tunasikilizwa jioni, na kila mmoja wetu anasomewa sheria yote. Nimeisikia mara thelathini na tisa." Kikohozi kikamshika, na ukumbi ukasubiri mpaka kikamwachia. "Sisi wa Bondeni hatuna pa kwenda msomaji akifika cha nne."

Hakimu akamwashiria msomaji. Maskini mtu yule hakuwa amesoma kifungu hicho kwa sauti kubwa tangu aajiriwe, ikabidi atafute miwani.

"Kifungu cha kumi na moja," akasoma. "Dirisha la dawa litamkabidhi mgonjwa kila kitu kilichotajwa kwenye cheti chake, bila kupunguza. Lisipofanya hivyo, mkaidi ni dirisha."

Baadaye nilielezwa kwamba kifungu hicho kiliwekwa zamani kuwazuia watoa dawa kupunja vidonge. Kilikuwa kimesahaulika kabisa. Bi Mashavu akatoa cheti chake kwenye pindo la kanga, akamwomba msomaji akisome nacho. Msomaji akasoma, "Kidonge kimoja mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Apumzike. Alale mahali pakavu."

"Nilipewa vidonge," alisema Bi Mashavu. "Chakula sikupewa. Kupumzika sikupewa. Mahali pakavu sikupewa. Dirisha limenipa kitu kimoja kati ya vinne, mheshimiwa, na mimi ndiye niliye kizimbani."

Mwendesha mashitaka akaruka. Hakuwa mjinga hata kidogo. Alisema chakula hakikutajwa kama dawa, kimetajwa kama wakati tu, vile mtu anavyosema baada ya jua kuzama bila kuahidi kumpa mtu jua.

"Basi kama ni saa," alijibu Bi Mashavu, "saa yangu mimi hupiga mara moja kwa siku, nami nimeifuata. Mnanishitaki kwa kosa gani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akatolewa nje. Mganga Mkuu, Daktari Khatibu, akaomba nafasi, akapendekeza kwa haraka kwamba neno chakula lifutwe kwenye vyeti vyote kuanzia siku ile.

"Je, dawa hiyo itafanya kazi bila chakula?" aliuliza hakimu.

Daktari alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliomponza. "Hapana, mheshimiwa. Mgonjwa ataitapika. Na hata asipoitapika, mwili wenye njaa hautapona ugonjwa huu."

"Kwa hiyo chakula ni dawa."

"Kwa ugonjwa huu," alisema Daktari Khatibu, "ndiyo."

Mzee Vuai aliandika kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi, vidole vinaniuma. Alipomaliza akasoma kwa sauti ileile kavu.

"Mahakama hii haina huruma, na haikuombwa huruma. Imeombwa kusoma. Kila neno la cheti ni lazima kwa mgonjwa, kwa hiyo ni lazima kwa dirisha. Mshitakiwa ameshindwa kutekeleza kwa sababu hakukabidhiwa. Yuko huru. Dirisha la dawa limepatikana na hatia ya ukaidi, na linaamriwa kumkabidhi leo hii kila kilichoandikwa." Akageuza karatasi. "Nami mwenyewe nimewaingiza watu mia mbili na sita kwenye Daftari bila kusikiliza kifungu hiki. Majina yao yafutwe, na walio hai waitwe."

Sikumwona akilia, lakini hakusimama kwa muda baada ya ukumbi kusimama.

Nilitoka nje nikapumua kama mtu aliyetua gunia la mkaa. Jecha alikuwa amekaa kwenye ngazi, kibweta mapajani. Nikadhani amekasirika.

"Miaka kumi na minne nahesabu vidonge, bwana mgeni," alisema. "Kumbe sahani ndizo nilizotakiwa kuhesabu." Kisha akainuka, akajifuta suruali, tukaelekea sote hospitali, kwa sababu hakuna aliyetaka kukosa kitakachotokea dirishani.

Dirisha la dawa la Tamamu ni tundu la kupitisha kiganja, basi. Amri ya mahakama ilikuwa leo hii, na Watamamu wakiamriwa wanatii. Kutoka jikoni ikaletwa sahani ya ugali na maharage. Haikupita. Karani wa ndani akaiinamisha, maharage yakamwagika kwenye vibahasha. Wakajaribu bakuli, likakwama. Kuhusu kupumzika waliandika karatasi inayolazimisha karo la kufulia limhesabie Bi Mashavu siku zake zote za ugonjwa kama siku za kazi, na hiyo ilipita vizuri. Lakini kwa ajili ya mahali pakavu yalikuja mabati sita, na karani, ambaye alikuwa na hofu ya kuitwa mkaidi, alisisitiza kwamba sheria inasema yakabidhiwe kupitia dirisha.

Wakayageuza mabati huku na huku. Wafuaji wenzake Bi Mashavu walikuwa wamejaa uani, mikono bado ina povu, na mmoja akapaza sauti, "Jamani, vunjeni ukuta!" Daktari Khatibu akatazama tundu, akatazama mabati, akaagiza nyundo.

Nilishika nyundo zamu yangu, na sijafanya kazi tamu kama hiyo maisha yangu yote. Alasiri pale palipokuwa na tundu pakawa na mlango, na mtu angeweza kuingia, kukaa kwenye kiti, na kula mbele ya mtoa dawa kabla ya kumeza kidonge chake. Bi Mashavu ndiye aliyekaa kwanza. Alikula polepole, hakumtazama mtu. Alipomaliza akasukuma sahani, akanyoosha kiganja, akasema, "Haya. Kileteni."

Nilikaa Tamamu mwezi mzima zaidi. Sitaki kutia chumvi na kusema nchi ilitakata. Madaktari wengine waliogopa kuandika, na mmoja alimpa mgonjwa cheti chenye neno moja tu, "Pole." Kuna wajumbe wa Baraza ambao hadi naondoka walikuwa bado wanashikilia habari ya upepo. Walioitwa kutoka kwenye Daftari walikuja sabini na mmoja. Lakini Jecha alikuwa akishuka Bondeni kila siku na vikapu badala ya kibweta, anahesabu sahani kwa umakini uleule uliokuwa ukinikera, na kikohozi cha Bi Mashavu kilipungua, kikawa cha asubuhi tu, kisha kikaisha. Siku ya kuniaga alikuja amenenepa kidogo, akanicheka kwa jinsi makovu ya malengelenge ya nyundo yalivyokuwa bado hayajafutika mikononi mwangu. "Una mikono ya dirishani wewe," alisema. Uso wake ulikuwa umeanza kufanana na jina lake.

Nilirudi kazini Jumatatu iliyopita. Nimemwomba muuguzi tuliye naye zamu moja alete jiko la mkaa na sufuria, akaniuliza kama safari imenipanda kichwani, lakini ameleta, na uji uko mezani nyuma yangu. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mwenye koti la kijani, mtu ninayemfahamu, niliyemfokea mwaka jana kwa kutomaliza dozi. Akapitisha cheti dirishani bila kuniangalia, kama wote wanavyofanya. Nikachukua kibahasha, nikaandika "Kimoja, mara tatu kwa siku", kisha kalamu nikaiweka chini.

"Shikamoo, mzee. Leo umekula nini?"

Akageuka nyuma kuona ninamuuliza nani.